Kuhama steti hapa Marekani: kabla hujakimbilia "hakuna kodi" piga hesabu ya nyumba nzima

Mleta uzi

Habarini za muda huu wakuu, wakubwa wote shikamooni. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Kila ikifika Februari, watu wanafaili kodi huku nje barafu tupu, magrupu yetu ya WhatsApp hapa Minnesota yanakuwa na mada moja tu, nahama Texas. Texas hakuna kodi, Texas joto kama Dar, Texas nyumba kubwa bei chee. Na kweli watu wanahama, Brooklyn Park na Brooklyn Center hapa tumewapakilia wenzetu vitu kwenye malori ya kukodi, wengine wako vizuri mpaka leo na wengine wamerudi kimya kimya wakaanza upya kutafuta apatimenti. Tofauti ya hawa wawili mara nyingi haikuwa bahati, ilikuwa hesabu. Mmoja alipiga hesabu ya kaya nzima, mwingine alisikia neno moja tu, "zero".

Majimbo ambayo hayakati kodi ya mapato kwenye mshahara ni 9: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Texas wao 2019 walipiga kura wakaweka kabisa kwenye katiba ya jimbo kwamba kodi ya mapato ya mtu binafsi ni marufuku, kwa hiyo hilo usihofu kwamba kesho litageuka. Lakini shule zinajengwa, barabara zinatengenezwa, polisi wanalipwa, hela inatoka wapi? Inatoka kwenye nyumba yako na kwenye kila unachonunua dukani.

Sasa tuchukue hesabu maana bila namba tutabishana mpaka kesho. Watu wanasikia Minnesota ni asilimia 9.85 wanashika kichwa, ila hiyo ni ngazi ya juu kabisa ya wenye hela ndefu. Ngazi zinaanza 5.35, kisha 6.8, kisha 7.85, ndiyo unafika huko juu. Na kabla hujatozwa hata senti wanakutolea punguzo la kawaida, yaani sehemu ya kipato isiyotozwa kodi. Tuseme mke na mume na watoto wawili, mmoja CNA (msaidizi wa nesi) mwingine ghalani, pamoja wanaingiza dola 90,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya 2025 toa punguzo la kawaida 29,900, toa 5,200 kwa kila mtoto, inabaki 49,700. Kodi ya jimbo inakuja kama dola 2,700 hivi. Gawanya kwa miezi 12 ni kama 225. Huo ndio mzigo wote unaotaka kuuacha, asilimia 3 ya kipato, siyo karibu 10 kama watu wanavyosema.

Haya, umefika vitongoji vya Dallas umenunua nyumba ya 300,000. Kodi ya majengo kule unatozwa na kaunti, mji, wilaya ya shule, wakati mwingine na chuo cha jamii, zote zikijumlishwa zinacheza karibu asilimia 2 na kuna sehemu zinazidi. Ukiomba ule msamaha wa makazi wanaouita homestedi (uombe mwenyewe, usidhani utaletewa) sehemu ya shule wanakutolea 140,000 kwenye thamani, walipandisha kutoka 100,000 mwaka 2025. Hata hivyo bado unakuja kulipa elfu nne na kitu kwa mwaka. Nyumba ya bei hiyo hiyo Minnesota kawaida ni elfu tatu na kitu. Kwa hiyo kwenye ile 2,700 uliyookoa, elfu moja hivi imeshaondoka. Ongeza bima ya nyumba, Texas ni kati ya sehemu ghali kabisa nchini kwa sababu ya mvua ya mawe, vimbunga vya pwani na tornedo. Kilichobaki ni kidogo kiasi kwamba mshahara ukishuka dola moja tu kwa saa, saa 40 kwa wiki mwaka mzima ni dola 2,080, umekula faida yote na chenji.

Na mshahara kwa kazi zetu nyingi unashuka. Kima cha chini Texas ni kile kile cha taifa, 7.25, hakijaguswa tangu 2009. Minnesota mwaka 2025 kilikuwa 11.13. Najua hakuna CNA anayelipwa 7.25 Dallas, lakini kima cha chini ndiyo sakafu, sakafu ikiwa chini na vingine vinakuwa chini.

Halafu kuna vitu ambavyo haviandikwi kwenye payistabu (karatasi ya mshahara). Huku watoto wote wa shule za umma wanakula bure asubuhi na mchana tangu 2023. Familia ya kipato chini ya 80,000 mtoto anasoma vyuo vya umma vya jimbo bila ada tangu 2024. Kuna nafuu ya kodi ya watoto (child tax credit), mwaka 2025 ilikuwa 1,750 kwa kila mtoto kwa wenye kipato cha chini. Mpangaji anarudishiwa kitu kwenye ritani yake, ile fomu ya kodi ya kila mwaka. Na tangu Januari 2026 kuna likizo ya malipo ya uzazi na ya kuuguza mgonjwa inayosimamiwa na jimbo. Texas kwa upande wao hawajapanua Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) mpaka leo, maana yake mtu mzima asiye na mtoto mwenye kipato kidogo, kama kazi yake haina bima, anabaki hewani. Ndiyo jimbo lenye watu wengi zaidi wasio na bima kwa asilimia. Wewe una kisukari, mama mkwe ana presha, hiyo ni hesabu kubwa kuliko 225 kwa mwezi.

Sijasema watu wasihame. Nasema chukua karatasi kwanza. Karibuni wadau.

Mdau wa Fort Worth

Sema boss, niko Texas miaka mingi sasa, nimetoka Kisii nikapitia hapo hapo Minnesota kwenu. Hesabu umechapa poa lakini hiyo ni ya mtu wa kulipwa kwa saa mahali pamoja. Wacha nikuambie upande wa sisi madereva.

Dereva wa lori anayevuka majimbo, sheria ya shirikisho inasema atatozwa kodi ya mapato na jimbo analoishi peke yake. Hata nikipakia California niteremshe New Jersey, hao wote hawanigusi. Sasa mtu ana mapato ya 110,000 ama 120,000, mzigo ni ule ule, barabara ni ile ile, rate haishuki ati kwa sababu nalala Texas. Hapo tofauti ni hela ya ukweli. Ndio maana unaona madereva wetu wamejaa Dallas, Houston, na wengine Tennessee. Tena Dallas iko katikati, haukosi mzigo wa kwenda wala wa kurudi.

Lakini watu wasikuje na ujanja wa kutumia adresi ya binamu huku familia iko Minnesota. Jimbo linaangalia unaishi wapi kwa ukweli, bibi na watoto wako wapi, gari imesajiliwa wapi, leseni ni ya wapi. Ukihama uhame. Na CDL, ile leseni ya kuendesha malori, unabadilisha ndani ya siku 30, haingoji. Wale wako na kibali cha kazi pekee bila grinikadi wafuatilie sana, kanuni za CDL kwa watu wasio raia zimekuwa zikibadilishwa tangu 2025, usihame kwanza ndio uulize.

Kitu kingine, kama unanunua nyumba mpya huku nje ya Houston uliza kuhusu MUD. Hiyo ni wilaya ya maji na mabomba ya estate mpya, inakusanya kodi yake juu ya zile zingine ili kulipa deni la kujenga hiyo miundombinu. Nyumba inang'aa, bei iko chini, halafu kodi inafika asilimia 3. Homestedi inasaidia kwa kuwa thamani ya kutozwa haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, lakini mwenye kupangisha hana hiyo kinga, na wewe mpangaji ndio unalipa kupitia kwa rent.

Mleta uzi

Mkuu hapo umenena, na hiyo sheria ya madereva wengi hawaijui. Ndiyo maana nasema kazi yako ndiyo iamue. Mtu ambaye mshahara wake haubadiliki akihama, dereva wa masafa, mtu wa IT anayefanyia kazi nyumbani na kampuni imeridhia kwa maandishi, huyo anavuna kila senti. Mtu ambaye mshahara wake unapangwa na mtaa anaofanyia kazi lazima aangalie mara mbili.

Mdau, nesi

Asante kaka kwa uzi. Naomba niongeze kwa manesi wenzangu maana tunapigwa sana hapa.

Kuna mkataba wa majimbo wa leseni za uuguzi, ukiwa na leseni ya mkataba unafanya kazi kwenye majimbo yote wanachama. Texas yumo, Tennessee yumo, Florida, Arizona, North Carolina, Kentucky, Iowa wamo, Washington alijiunga 2023. Minnesota HAYUMO, California hayumo, New York hayumo, Illinois hayumo. Kwa hiyo dada yangu uliye Minneapolis ukisema unahama Texas mwezi ujao, leseni yako ya Minnesota haikufikishi popote, anza kuomba kabla hujafunga maboksi. Ukitoka Texas kwenda Tennessee ni rahisi zaidi, unaendelea na kazi lakini ndani ya siku 60 baada ya kuhamia lazima uwe umeomba leseni ya nyumbani kwako kupya. Na ukitoka Texas ukaja Minnesota unapoteza ile ya majimbo mengi, kama ulikuwa unafanya trava nesi, yaani nesi wa mikataba mifupi anayezunguka majimbo, hilo ni pigo.

CNA nao wahamishe jina kwenye rejista ya jimbo jipya kabla, na wale wenye cheti cha kugawa dawa waulize, kila jimbo lina utaratibu wake, wengine watakurudisha darasani. Wiki nne bila shifti na huku umelipa pango na dipoziti, hiyo ndiyo kodi ambayo hakuna anayeihesabu.

RN (nesi aliyesajiliwa) mwenye uzoefu Texas mshahara siyo mbaya ukilinganisha na bei ya nyumba, hilo niwe mkweli, hospitali zipo nyingi sana Houston na Dallas. Ila uliza idadi ya wagonjwa kwa nesi mmoja kwenye wodi unayokwenda. California wana sheria inayoweka kikomo, kwa majimbo mengi hakuna kitu kama hicho.

Mdau wa Louisville

Jambo ndugu zangu. Mimi Mkongomani, mtu wa Uvira, tulipelekwa Kentucky na programu ya wakimbizi. Ninasoma hapa watu wanaongea Texas na Minnesota kama kati yao hakuna kitu. Kuna majimbo ya katikati, baridi iko lakini haiui, kodi iko lakini ndogo, nyumba bado mtu wa ghala anaweza kununua.

Kentucky kodi ya mapato ilikuwa asilimia 4, kuanzia 2026 imeshuka 3.5. Lakini mjue miji ya huku nayo inakata, hapa Louisville mkaaji anakatwa karibu 2.2 kwenye mshahara. Ohio ni vile vile, Columbus mji unakata 2.5. Watu wanaangalia kodi ya jimbo peke yake, wanafika, wanaona feza imepungua wanauliza hii ni nini.

Kilichonishika mimi ni masomo ya watoto. UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, wana kituo kikubwa cha ndege hapa, na kuna programu ya kijana kufanya kazi usiku kwao na kulipiwa chuo, wanaiita Metropolitan College, ipo tangu 1998. Usiku ni mzito, sidanganyi, lakini mtoto anamaliza University of Louisville bila deni. Pia Waswahili tuko wengi, kanisa liko, mtu akifiwa watu wanafika siku ile ile. Des Moines na Cedar Rapids kule Iowa ndugu zetu wanasema hivyo hivyo, na Iowa tangu 2025 kodi ni 3.8 kwa wote.

Mdau mgeni

Shikamoo mkuu. Mimi nafikiria Washington, nasikia hakuna kodi na mshahara ni mkubwa na hakuna baridi kali, sasa kwa nini watu wote hawaendi huko?

Mleta uzi

Marahaba. Swali zuri. Washington kweli mshahara hawakati kodi ya mapato, na kima cha chini 2025 kilikuwa 16.66, Seattle juu zaidi. Hali ya hewa mvua nyepesi nyepesi na mawingu kuanzia Oktoba mpaka karibu Mei, siyo barafu. Kinachowazuia watu ni pango na bei ya nyumba, na kodi ya mauzo eneo la Seattle inapita asilimia 10. Pia kuna makato madogo, ule mfuko wa matunzo ya uzeeni unakata 0.58 kwenye mshahara tangu Julai 2023. Wanaofanikiwa kule wengi wako Kent na vitongoji vya kusini, na kuna Wakenya kibao wamefungua nyumba za kutunzia wazee, leseni kwa kawaida inaruhusu wazee mpaka 6 kwenye nyumba ya kawaida ya makazi. Hiyo ni biashara nzuri, lakini leseni ni ya jimbo lile tu, ukihama unaiacha.

Na usije ukadanganywa ukaishi Vancouver ya Washington ukifanya kazi Portland ukidhani umekwepa. Kazi ikiwa Oregon, Oregon wanakata kodi yao popote unapolala. Ujanja wa watu wa pale unafanya kazi upande mmoja tu, kazi iwe Washington, ununuzi uvuke daraja kwenda Oregon ambako hakuna kodi ya mauzo. Vivyo hivyo Tennessee, mshahara hawakati ila hata unga na mchele vinatozwa kodi, asilimia 4 ya jimbo na juu yake ya kaunti. Kaya ya watu saba inayopika kila siku inaisikia hiyo.

Sasa nije kwenye hali ya hewa maana niliahidi kwa watu walionifuata inboksi.

Minnesota baridi siyo utani. Januari 2019 hapa Minneapolis ilishuka mpaka kama 33 chini ya sifuri kwa selsiasi bila kuhesabu upepo. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, mtu wa shifti ya asubuhi anaingia giza anatoka giza. Kuna wenzetu wanapata huzuni ya msimu kabisa, inatibika, nendeni kwa daktari na mpimwe vitamini D, sisi wenye ngozi nyeusi tunakuwa nayo chini sana huku. Kwenye gharama weka jaketi na buti za watoto kila mwaka maana wanakua, chumvi ya barabarani inakula chini ya gari, betri zinakufa. Lakini mfumo umezoea. Mabomba yamefukiwa chini sana, nyumba zina insulesheni, na kuanzia Oktoba 1 mpaka Aprili 30 kuna kanuni inayomlinda mtu asikatiwe joto ilimradi apange na kampuni namna ya kulipa deni.

Texas tatizo ni kwamba mfumo wenyewe umeshawaangusha watu. Februari 2021 baridi ilipoingia kule mitambo ya umeme na mabomba ya gesi yaliganda kwa sababu hayakuandaliwa, gridi yao imejitenga na majimbo mengine kwa sehemu kubwa hivyo msaada haukuweza kupita, zaidi ya nyumba milioni 4 zikakaa gizani na jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246. Wengine walikufa kwa moshi wa jenereta na jiko la mkaa ndani ya nyumba. WALLAHI msiwashe mkaa ndani, hili nalisema kwa sababu ni desturi ya kwetu kuona jiko ni joto. Baada ya hapo wameboresha mitambo, sheria imewalazimisha. Lakini Julai 2024 kimbunga Beryl kikapita Houston, zaidi ya wateja milioni 2 bila umeme, kwenye joto la Julai, wengine kwa siku nyingi.

Ukienda Houston uliza nyumba iko kwenye ramani gani ya mafuriko. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilifundisha watu kwamba bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko, hiyo ni bima yake peke yake, na ile ya serikali kwa kawaida inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununua, kwa hiyo huwezi kusubiri kimbunga kitangazwe. Phoenix nako mwaka 2023 walikaa siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 na zaidi. Kule mtu wa deliveri au ujenzi anafanyaje kazi? Dar ni joto la 32 lenye upepo wa bahari, usiku unafungua dirisha. Kule kiyoyozi kikiharibika ni dharura ya hospitali.

Ushauri wangu nenda ukakae Agosti kabla hujahama Texas au Arizona, na njoo Januari kabla hujahama huku. Kila mtu anatembelea msimu mzuri, anarudi kasifia.

Mdau wa Fort Worth

Hiyo ya Agosti nakubali mia kwa mia. Bili yangu ya stima Agosti ni mara tatu ya Machi. Na ukifika uchague mpango wa stima wa bei moja, soma vile vidogo, kuna mingine inakupatia bei poa ukifika tu kilowati-saa 1,000, ukikosa kidogo bei inaruka. Ile mipango ya bei ya soko la jumla iliyoleta bili za maelfu ya dola 2021 jimbo lilipiga marufuku mwaka huo huo.

Mdau mgeni

Asanteni sana. Swali la mwisho, mimi nina grinikadi na mwaka huu nataka kuomba uraia, nikihama inaathiri?

Mleta uzi

Inaathiri kidogo na wengi wanakwama hapo. Ukishahama una siku 10 tu kuwajulisha uhamiaji adresi mpya, fomu ni AR-11, inajazwa mtandaoni, bure, na kila mtu kwenye familia asiye raia ana ya kwake. Kubadilisha adresi posta peke yake haitoshi. Kwa uraia lazima uwe umeishi jimbo hilo au wilaya hiyo ya uhamiaji miezi 3 kabla ya kutuma N-400 (fomu ya kuomba uraia), kwa hiyo ama utume sasa kabla hujahama kisha uwajulishe adresi, na faili itahamishiwa ofisi ya huko, ama uhame usubiri miezi 3 ndiyo utume.

Na ukienda kuchukua leseni ya jimbo jipya wanaweza kukuuliza pale dirishani kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kama wewe siyo raia jibu ni HAPANA, na soma kila kisanduku kabla ya kusaini hata kama foleni ni ndefu na karani ana haraka. Kuna watu wamekataliwa uraia kwa hilo.

Mwaka wa kuhama utafaili ritani ya shirikisho moja, na ya majimbo kwa kila jimbo linalokata kodi ya mapato uliloishi mwaka huo, kama mkazi wa sehemu ya mwaka. Kwa hiyo tunza payistabu ya mwisho ya kazi ya zamani na mkataba wa apatimenti mpya wenye tarehe. Gharama za lori la kuhamia huwezi tena kuzitoa kwenye kodi ya shirikisho, hilo liliondolewa tangu 2018, limebaki kwa wanajeshi na wachache sana.

Wewe uko kazi gani, na una watoto? Ukiweka hapa kipato cha kaya, steti uliyopo na unayoitaka nitakupigia hesabu kama ile ya juu, usiweke jina wala kampuni.